Ndago za Shamba la Baba

Kaole, Bagamoyo

Kaka yangu mpenzi Mtoro,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta hapo Ubena u mzima, pamoja na wifi na watoto. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama miguu bado inamsumbua, ila anakula vizuri na anakuombea dua.

Kuhusu shamba la marehemu baba, uliniagiza niliuze kwa kuwa ndago imelimeza, ukamtuma Yunus aje kulinunua. Alikuja wakati wa vuli. Sikumficha, nilimwambia kila tukipalilia, ndago huota upya. Akaazima jembe langu, akachimba upande wa juu wa shamba, kisha akachimba upande wa chini penye majimaji, akaniita nitazame. Ndago ya juu maua yake ni ya hudhurungi, na viazi vyake vyeusi vimeungana kama tasbihi. Ukikata kimoja, vilivyobaki ardhini huchipua. Ya chini ina maua ya manjano, na kila mzizi una kiazi kimoja tu mwishoni. Miaka yote nilidhani ni ndago moja. Alikiosha cha chini, akanipa nitafune. Kaka, kina utamu wa nazi. Cha juu nilikitema, kichungu na kinanukia kama dawa.

Ile tamu nilimpelekea mama. Akatafuna, halafu akasema, "Hii bibi yenu alikuwa akiikamua tui siku za mfungo. Nilidhani imekwisha duniani." Akajikongoja mwenyewe kutafuta kinu. Sasa Ramadhani inakaribia, na jirani yetu Kuruthumu ameshaagiza tui la kufuturia. Ile chungu tunaing'oa mnyororo mzima. Yunus huja kila Jumamosi kutusaidia, na pale tulipomaliza mpunga umeshika vizuri.

Nimefika kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Yunus hanunui tena. Juzi alimwambia mama mbele yangu, "Shamba hili lina mwenyewe. Mimi nimekuja kumposa."

Tangu Khamis aliponiacha, nilidhani mlango huo nimeufunga. Mama aliponiangalia nikajikuta nacheka, kisha machozi yakanitoka. Nimeridhia, kaka, lakini walii wangu ni wewe. Usinikasirikie kwa shamba. Njoo uniozeshe kabla ya mfungo.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mama anasema wifi asikose, maana hina ya binti yake hataki mkono mwingine uipake.

Ni mimi dada yako,
Adila