Suruali Zilizozibwa Miguu

Kaka,

Salamu zako za redioni zimetufikia. Hatujambo, paa la jikoni limezibwa, na cherehani ya mama bado inanguruma.

Jana tulisikiliza kipindi chako cha maajabu ya historia. Ukasimulia kuhusu wale washonaji wa wakati wa vita waliozishona suruali za jeshi zikazibwa miguuni, askari wakashinda asubuhi nzima wakifumua nyuzi badala ya kwenda kushambulia. "Walikuwa wamepiga mtindi hao!" ukasema, ukacheka mpaka ukakohoa.

Mama akazima redio. "Hatukuwa tumelewa," akasema.

Ni yeye, kaka! Yeye na wenzake, tena kwa makusudi. Huo mgongo wake unaosema umepindwa na uzee, ulipindwa na viboko vya jeshi hilo. Umepekua maktaba za dunia nzima kutafuta visa, lakini mama yako mzazi hujawahi kumuuliza alikuwa wapi vita vilipopiganwa. Una macho ya nini?

Asubuhi ile watu wa mji uliokuwa ushambuliwe walipata nafasi ya kukimbia. Baba alikuwa mmoja wao. Mwaka uliofuata ukazaliwa wewe.

Haya, cheka sasa.

Mimi, mdogo wako wa kike