Karatasi ya Picha Tano

Mahajanga, 9 Machi 1982

Mjomba wangu Athoumani,

Pokea salamu za nyumba nzima hapa Mahabibo. Sisi wazima, je, miguu yako, bado inavimba? Nakuandikia kwa Kiswahili ulichonifundisha. Usicheke makosa, hapa hakuna wa kunisahihisha.

Zahanati imenipa wanawake saba niwafundishe kuzalisha majumbani. Kitabu tulicholetewa ni cha Kifaransa, nao wengi walisoma chuoni tu, Kurani basi. Mmoja wao, Bi Zalia, anakikariri kama dua, kisha ananigeukia: "Mwalimu, nimesema nini?" Wewe umekuwa muuguzi miaka thelathini, na mkono wako unajua kuchora. Nichoree namna ya kumkata mtoto kitovu, picha tano, na chini ya kila picha maneno machache. Ndio kwanza wanaanza, mjomba. Wanaogopa.

Lini utakuja tukuone?

Mpwa wako,
Ansoifa


Marodoka, 2 Aprili 1982

Mwanangu Ansoifa,

Barua yako imenikuta mzima, ukiacha hiyo miguu. Langilangi zimechanua, harufu inanifuata mpaka kitandani.

Picha hizi hapa, katika mstari mmoja: mikono inaoshwa, wembe unachemka sufuriani, kitovu kinafungwa uzi mahali pawili, kinakatwa katikati, mtoto anafungwa kitambaa. Maneno sikuyatia. Nilijaribu, yakaichafua karatasi. Picha iliyochorwa sawasawa haihitaji mkalimani. Nakili, kila mmoja aende na yake.

Kuhusu kuja: tangu machafuko ya mwaka wa sabini na sita, walipouawa Wakomoro wenzetu, sijakanyaga Mahajanga, nawe unajua nilichokiacha katika mtaa wenu. Usiniulize tena.

Mjomba wako,
Athoumani


Mahajanga, 30 Julai 1982

Mjomba,

Natumai u mzima. Mimi nakula kidogo, nalala kidogo.

Echa, mdogo kuliko wanafunzi wangu wote, aliitwa kwa mke wa Boinali, mshona viatu. Alikwenda peke yake. Mtoto wa kiume, alilia vizuri. Siku ya tano akaacha kunyonya, taya zikakakamaa. Pepopunda. Siku ya saba, ambayo ingekuwa ya kumpa jina, walimzika.

Nilimwuliza Echa, "Karatasi uliifuata?"

"Niliifuata, mwalimu. Sikuruka hata moja."

Nikamwambia anionyeshe. Kidole chake kilianzia kulia, kama kinavyoanza kwenye msahafu. Alitandika kitambaa, akamlaza mtoto, akakata, akafunga uzi, ndipo akachemsha wembe ili autunze safi, akamaliza kwa kuosha mikono. Nilikuwa nimewaonyesha kwa mwanasesere mara mbili, lakini siku ile alikuwa na hofu na hiyo karatasi tu. Na ukiisoma hivyo, mjomba, kila hatua inaingia akilini.

Mtaa unamwita muuaji. Mama mkwe wake amemtolea nguo zake nje. Mimi Boinali hanisikilizi, kwa kuwa ndimi niliyemtuma Echa. Njoo. Mtu mzima aliyeichora akisimama mbele yao aseme kosa si la Echa, watamwacha.

Mpwa wako,
Ansoifa


Marodoka, 11 Septemba 1982

Mwanangu,

Nakuombea usingizi kabla ya lolote.

Uliniomba maneno, nikakunyima kwa kiburi. Tena mimi nilikaa kwenye mkeka wa chuo kabla ya kukalia dawati. Kidole changu nacho kilianzia kulia. Nilisahau, kwa sababu mengi ya huko Mahajanga nilikuwa nimejifundisha kuyasahau.

Nimechora upya. Kuna namba na mishale, na chini ya kila picha maneno ya Kimalagasi cha pwani yetu, kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini. Chini ya sufuria nimeandika: Chemsha kabla ya kukata.

Humu pia imo barua ya kumpa Boinali. Isome mbele ya watu. Nimeandika wazi kwamba kosa ni langu.

Mara mbili nimefika bandarini Hell-Ville na mfuko wangu, nipande meli ya kuja kwenu. Mara zote mbili nilirudi. Waambie ni miguu.

Mjomba wako,
Athoumani


Mahajanga, 20 Januari 1983

Mjomba,

Salamu. Tupo.

Niliisoma barua yako barazani kwa Boinali. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Aliyeandika yuko hai?"

"Yuko hai," nikasema.

"Basi kwa nini ananiletea karatasi nyingine?" Akaingia ndani.

Echa alingoja wiki tatu. Alikuwa akija zahanati kila asubuhi kuuliza kama umefika. Kisha akapanda lori la chumvi, na hakuna anayejua aliteremka wapi.

Wanafunzi wamebaki wanne. Karatasi mpya nimeitundika ukutani. Bi Zalia anagusa picha, anasoma maneno, anagusa inayofuata, wala hakosei. Watoto tisa wamezaliwa mikononi mwao, wote wananyonya. Ni kazi nzuri, mjomba.

Pembeni mwa karatasi uliandika jina lako. Nimelikata kwa mkasi. Wangeniuliza wewe ni nani, nami ningelazimika kuwaambia ulipo.

Mpwa wako,
Ansoifa