Chembe Zimepanda, Narudi Mvumi

Dar es Salaam

Mdogo wangu Eneres,

Shikamoo yako niliipokea kwa simu, nami nakujibu kwa kalamu: marahaba. Mguu wako unaendeleaje? Mahindi ya Mvumi yamepata mvua? Mimi ni mzima, na safari hii neno hilo silisemi kwa adabu tu.

Jana nilimaliza mionzi. Kwenye simu sikupata nafasi ya kukueleza kwa nini katikati ilisimamishwa kwa muda. Mionzi inaua saratani, lakini inapopita nyongani inaunguza pia uboho wa mifupa, ambamo hutengenezwa chembe nyeupe za damu, yaani walinzi wa mwili. Zangu zilishuka mno. "Zisipopanda hatuendelei," daktari alisema, "na saratani haitusubiri." Nilikaa kwa binti yangu nikihofu kwamba uvimbe unaota upya.

Siku hizo hizo akina mama wa kanisa letu, waliokuwa wamekuja mkutanoni huku, walifika kunijulia hali. Walikaa wote mlangoni kama watu waliokuja kuuliza njia. Hakuna aliyenipa mkono.

"Mama Neema," nikauliza, "tangu lini mgonjwa anasalimiwa kutoka kizingitini?"

"Tusamehe, Mwalimu. Tumesikia mionzi inahama, nami nina mtoto anayenyonya."

"Nani amekufundisha hayo? Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Sogea!"

Akasogea, akapiga chafya. Binti yangu akaruka: "Rudi hapohapo, mama! Anayelindwa ni yeye, si ninyi!" Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Woga wao haukuwa na msingi, lakini uliniepusha na mafua, ukanifaa kuliko heshima ya kunipa mkono.

Chembe zikapanda, tukaendelea. Daktari anasema seli za saratani zinapokufa zinaweza hata kuwasaidia walinzi waliobaki kumtambua adui, ingawa jambo hilo bado linachunguzwa. Jana fundi wa mashine aliniambia, "Shuka taratibu, bibi. Kesho hatukuhitaji." Sijapata kufurahi hivyo kwa kuambiwa sihitajiki.

Sasa nisikilize. Najua umenitengea chumba na sahani kwa kuogopa mionzi. Chumba niachie, hofu iondoe. Mwenye mafua asiingie. Kila mtu anawe kwa sabuni. Ibada ya shukrani ingoje mpaka nipimwe damu tena. Mwanangu wa Mikumi anataka nifikie kwake. Nimemkatalia, kwa kuwa nyumba yake ya wageni imejaa madereva wa malori kutoka kila upande.

Nisalimie shemeji yangu, mchungaji wetu, na mjukuu wangu, ambaye nitamkagulia madaftari kwa mbali.

Ijumaa nitashuka basi Dumila. Usije na kwaya. Njoo peke yako, unione nilivyokonda, kisha unishike mkono. Huna mafua, nimekwisha kumuuliza mumeo.

Mimi dada yako mkubwa,
Damari