Mapigo Mia na Themanini, Dirisha Namba Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Mpiga dramu wa bendi ya mtaani kwetu kahama! Majaribio ya kumpata mwingine ni Jumamosi tarehe 29: mapigo mia na themanini kwa dakika, dakika nane, bila kusimama. Mimi leo — mia na ishirini, dakika mbili, na mabega yakanipanda masikioni. Nina miaka arobaini na mmoja na kile kiti cha dramu nakitaka tangu usichana.

Mama anayekanda viungo, aliyenitibu kifundo cha mkono wa kushoto mwaka jana, kanipa masharti. Anza polepole. Shika kijiti kama umeshika kifaranga. Ongeza mapigo manne manne tu, tena mwili ukiwa umelegea. Ukisikia maumivu, acha hapo hapo. Kifundo kikiharibika tena, dramu basi.

Nafanyia mazoezi kwenye mto wa mume wangu. Wangu mlaini mno. Kauliza atalalia nini. Nimemwambia ndoa ni kuvumiliana.

Alhamisi, 13 Machi
Mia na arobaini na nane! Mto haurushi kijiti, mkono unafanya kazi yote. Balaa liko ofisini. Napiga fomu mihuri dirisha namba tatu, na leo mikono ilijisahau: muhuri kulia, muhuri kushoto, kulia, kushoto. Saa nne asubuhi foleni imekwisha. Watu wamesimama tu, hawajui waende wapi. Mzee mmoja alikuja na kigoda na chupa ya chai, kajipangia siku nzima. Alikasirika, akarudi kupanga foleni upya.

Jumatano, 19 Machi
Bosi kafunga madirisha mengine yote. Kila mtu kwangu! Anasimama nyuma yangu na saa, anaitazama mikono yangu mpaka naona haya. Anataka mihuri mia mbili kwa dakika ifikapo Ijumaa. Nimemweleza habari za mapigo manne manne na kupumzika. Kasema kupumzika hakumo kwenye kanuni. Wenzangu watatu wamepewa kazi ya kunipepea kwa mafaili.

Mchana kifundo cha kushoto kikawaka moto. Nikaweka mihuri chini. Niliogopa, nusura nilie mbele za watu. Nimeomba ruhusa ya siku tatu.

Mume sasa analalia koti lake la harusi. Shingo imepinda.

Ijumaa, 28 Machi
Jana mia na themanini, dakika nane, mabega chini, pumzi yangu mwenyewe. Raha!

Leo bosi kaleta magunia matatu ya fomu, yaishe kabla ya kufunga. Nikasoma moja. Ni malalamiko ya wananchi kwamba foleni siku hizi ni fupi mno. Nikamwambia nitapiga mapigo sitini kwa dakika.

“Sitini?”

“Sitini, bosi. Mkono huu una kazi kesho.”

Wenzangu wakatupa mafaili, wakachukua mihuri yao, nao sitini. Ofisi nzima, ko, ko, ko. Bosi kaondoka mapema. Kasema ana mambo yake.

Jumamosi, 29 Machi
Naandika hapa ngazini, nje ya ukumbi. Nilipasha mikono dakika ishirini. Nikaanza vizuri, laini kabisa. Dakika ya sita kushoto pakawaka. Jamani, dakika ya sita! Nikaweka vijiti chini. Kiongozi wa bendi akauliza kama nimemaliza.

“Hapana. Nimeacha.”

Akaandika kitu. Nimetoka, nimelia, nimepangusa machozi.

Na aliyeingia baada yangu ni nani? Bosi! Kumbe aliposimama nyuma yangu na ile saa alikuwa anajifunza kupiga. Kaanza na mia mbili moja kwa moja, mikono baridi. Nikasikia mapigo yake yakikimbia, kisha yakichechemea, kisha kijiti kikaanguka. Kisha bosi akaanza kumwita mama yake.

Sasa hivi wamempitisha hapa, mikono yote miwili ndani ya ndoo ya barafu. Kiongozi yuko mlangoni. Hana mwingine kwenye orodha. Anauliza kama naweza kuingia sasa hivi nimalizie dakika zangu mbili.

Kiti nakitaka mpaka meno yanauma. Nazungusha kifundo. Bado pana joto.

Nimemwambia anipe robo saa. Kasema hajawahi kuombwa hivyo. Kaangalia saa, kaangalia mkono wangu, kaketi ngazi ya juu yangu. Nami nimeweka vijiti magotini, nasubiri kifundo kipoe; kisipopoa, siingii.