Nilimwalika Dada Kwenye Fursa, Sasa Anataka Kuacha Kazi

Mshauri wetu mpendwa, nimesoma safu yako miaka mingi nikiwahukumu wanaokuandikia, leo zamu yangu imefika, na nakuomba unijibu kabla ya mwisho wa mwezi maana baada ya hapo hata ushauri wako hautanifaa.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, nina mume na watoto wawili, na mwaka jana mteja wangu mmoja alinialika kwenye biashara ya mtandao, ile ya kuuza dawa ya meno na majani ya chai ya kusafisha mwili na kuingiza watu wengine chini yako, nikaingia mzima mzima. Kwenye mafunzo walituambia tuandike majina mia moja ya watu tunaowafahamu, tusimruke mtu, na mimi nilipofika jina la tisini na saba nikakwama. Kiongozi wangu, yule mteja aliyenialika, akaniuliza kama sina ndugu niliyekosana naye, akasema hao ndio wepesi kuja kwa sababu wana hamu ya kujua unawatakia nini. Nikamwandika dada yangu.

Mshauri, mimi na dada tulikuwa mwaka wa sita hatusemezani. Siku tuliyomzika mama nilimwambia mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyechelewa kumpeleka hospitali, na haikuwa kweli, yeye ndiye aliyemwogesha na kumlisha miezi yote ile na mimi nilikuwa nakuja siku moja moja na matunda, na sijawahi kumwomba radhi. Basi nikampigia simu kama tulivyofundishwa, useme kidogo, usieleze chochote, nikamwambia nina jambo zito, siwezi kulisema kwenye simu, aje Jumamosi. Akasema, "Nitakuja, mdogo wangu. Nilikuwa nangoja."

Alisafiri nusu siku kwa basi, amesuka nywele upya, na mkononi ana mfuko wa plastiki wenye albamu ya picha za mama. Nilimpokea mlangoni mwa ukumbi, nikambandika kifuani kikaratasi kilichoandikwa MGENI, nikamkalisha kiti cha mbele kabisa, maana wageni wetu tunawaweka mbele ili waone haya kutoka. Alikaa na albamu mapajani muda wote ambao bwana mmoja wa suti alikuwa akichora miduara ubaoni. Fomu zilipoanza kugawiwa akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Jambo lenyewe ndilo hili?"

Nikamwambia asubiri, bado hawajaeleza bonasi.

Akaisaini fomu, mshauri. Hakuuliza kitu kingine, akafungua pochi akalipia kifurushi cha kuanzia, watu wakanipigia makofi, na mimi nikapandishwa cheo palepale nikawa Nyota. Tangu siku hiyo ananipigia kila Jumapili, haniiti mdogo wangu tena, ananiita kiongozi, anasema amemwingiza jirani yake, anasema chai imemwishia, hatuzungumzi kitu kingine chochote, lakini angalau tunazungumza, na sauti yake sasa imekuwa ile ile ya mama, kwa hiyo nikikata simu nakaa kwenye mashine nalia.

Sasa tatizo ni kwamba biashara hii haina kitu. Makatoni yamejaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, nimeyafunika shuka mume wangu asiyaone, na wateja wangu wa zamani wakiniona barabarani wanavuka upande wa pili. Na Jumapili iliyopita dada ameniambia kwamba mwezi ukiisha anaacha kazi. Yeye ni mpishi katika jiko la hospitali, ana miaka kumi na tisa pale, watoto wake wote wamesomeshwa na jiko lile, na anasema alinisikia mkutanoni nikisema ajira ni utumwa. Ni kweli nilisema, tena kwa kipaza sauti, ila mimi mwenyewe cherehani yangu sikuiuza.

Nikimwambia ukweli nitampoteza tena, na cheo changu nacho kitashuka kwa sababu kinamtegemea yeye. Kiongozi wangu anasema nimwache kwanza amalizie mwezi. Nifanyeje dada asiumie na sisi tusirudi kule kwenye kutosemezana? Je, nikimtumia ujumbe kwa namba ngeni, nijifanye mtu mwingine anayemwonya, itafaa?

Ni mimi, Fundi wa Sare

MSHAURI ANAJIBU

Fundi wa Sare, naanza na swali lako la mwisho. Haitafaa, na uone haya kuliuliza. Umeshamdanganya kwa sauti yako mwenyewe, sasa unataka kumwambia ukweli kwa sauti ya kuazima.

Nakuonea huruma, usidhani sikuonei. Anayelia kwenye mashine kwa sababu amesikia sauti ya mama yake hajaharibika kabisa. Lakini machozi hayo unayamwaga ukishakata simu, na aliyestahili kuyasikia yuko upande wa pili.

Unasema utampoteza. Fundi, hujampata bado. Dada yako alipanda basi aje kusikia neno moja tu, la kuombwa radhi, ukampa fomu. Akasaini ili aendelee kukaa karibu nawe, huenda siku moja neno hilo likakutoka. Na usijidanganye kwamba haoni kuwa biashara ni bure. Mtu aliyepikia wagonjwa miaka kumi na tisa anajua chungu kisichotosha watu anapokiona. Sioni anachongoja zaidi ya kuona kama utamwacha aache kazi. Na wewe, kwa ajili ya cheo, umekaa kimya unajitia hamnazo.

Ukimaliza kusoma hapa, mpigie. Usingoje Jumapili. Safari hii mweleze kila kitu kwenye simu, kwamba unakwenda kumwomba radhi kwa maneno ya msibani na kumsihi asiache kazi, ili ajue anamfungulia nani mlango. Kisha panda basi wewe. Usibebe fomu, usibebe hata pakiti moja ya chai.

Ukifika anza na mama yenu. Sema haikuwa kweli. Na kwa kuwa ulimwaibisha mbele ya watu, watafute ndugu waliokuwapo siku ile, mmoja mmoja, uwaambie hivyo hivyo. Halafu mwambie jina lake lilikuwa la tisini na nane na uliliandika kwa sababu ulikuwa umekwama. Litamuuma sana, lakini asije akalisikia kwa mwingine. Mrudishie hela ya kifurushi, na ya jirani yake pia, hata kama itakubidi ushone mpaka vidole viote sugu. Mume wako naye aondolewe lile shuka aone kilichopo chini ya meza.

Kama dada ameshapeleka barua ya kuacha kazi, nenda naye kwa msimamizi wake, ueleze kwa kinywa chako kwamba wewe ndiye uliyempotosha. Kiongozi wako akikuuliza kuhusu cheo, mwambie akivae yeye.

Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe. Anaweza kukusikiliza kwa adabu hadi mwisho, akakushukuru kwa kuja, kisha akakufungia mlango miaka mingine sita. Hiyo ni haki yake. Wewe hakikisha tu kwamba akiufunga, anaufunga akiwa bado na kazi yake.