Kompyuta Yako na Barabara ya Garissa

Kilonzo mwanangu,

Hapa kijijini Tulia ng'ombe wako salama, mahindi yako salama, ni mimi tu ambaye si salama. Tangu Abdi, yule mnunuzi wa mbuzi, alipokupakia kwenye lori lake kwenda Garissa, sijalala vizuri. Nikisikia gari likipunguza mwendo pale sokoni, natoka nje kutazama. Wiki hii redio imetangaza tena kwamba majambazi wamesimamisha magari kwenye barabara hiyo, na wewe umenyamaza kimya.

Leo asubuhi nimekumbuka siku tulipoenda Nairobi kuchagua kompyuta. Ulikuwa umeuza pikipiki yako, na ile kazi ya kuchora mabwawa ilikuwa inakungoja. Wenye kazi walikuambia wazi: uje na mashine yako. Mwenye duka akatuwekea mbili mezani. Moja ilikuwa nyembamba, nyepesi, kioo chake kinaonyesha kijivu tupu. Nikasema basi, hiyo ndiyo, inaingia hata kwenye kiondo. Wewe hata hukuigusa. Ulienda moja kwa moja kwa ile nzito, yenye rangi na spika, ukaanza kumhoji yule mtu mpaka akatoa jasho: memori yake ni ngapi, inapata moto upesi, betri inakaa muda gani mahali hakuna stima.

"Mwaitu, mama yangu," ukaniambia, "ile ndogo ni ya kuandika barua tu. Hii itachora bwawa zima, na nikichoka nicheze gemu."

"Mtu mzima acheze?"

"Mashine ikiweza gemu, bwawa haliwezi kuishinda."

Niliogopa, nakuambia ukweli. Njia nzima niliipakata kama mtoto mgonjwa, nimeifunika leso yangu ili mtu asijue. Ulinicheka mpaka Machakos. Eti naitoa jasho!

Jumapili watu wa kanisa wakaja kuiombea. Si unajua kwetu kitu kipya hakikai nyumbani bila maombi, iwe plau, iwe mashine ya kusaga unga, na sikuona kwa nini kompyuta iachwe. Nilitandika kitambaa changu cheupe cha kufuma, nikapika chai. Mchungaji akaweka mkono juu yake, tukaimba. Halafu akasema, "Hebu iwashe, tuone kitu tunachokiombea." Ukawaonyesha bwawa, wakapiga makofi. Mama Nduku, ambaye hatosheki na chochote, akauliza, "Na ni hayo tu inafanya?"

Woi, Kilonzo! Si ungenyamaza? Ukafungua gemu. Likatokea lile dude lenye pembe, linanguruma, moto kila mahali. Na wakati wenyewe ni huu ambao kila mahubiri ni waabudu shetani, kila mtoto akipotea ni wao wamemchukua. Kina mama walitoka mbio na vikombe mkononi. Mama Nduku alimwaga chai yote kwenye kitambaa changu. Mchungaji alibaki ndani, akaniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka uani: "Mama Kilonzo, kitu hiki kitoke kwako, ama sisi tusirudi?"

Wewe ulikuwa umeinamisha kichwa. Nilikuona, ulikuwa tayari kuifunga na kuirudisha dukani. Nikasimama mbele yake, nikamjibu, "Mchungaji, huyu kijana anawapiga hao mashetani, hawaabudu. Kompyuta inakaa." Mpaka leo sijui ile sauti niliitoa wapi.

Kina mama hawajarudi kwangu tangu siku hiyo, na mchungaji ananisalimia kwa mbali. Inaniuma, sitakudanganya. Lakini nakumbuka pia ile siku uliyoniketisha mbele ya mashine mchana kweupe, ukaweka kidole changu kwenye kitufe. "Piga, Mwaitu, piga!" Nilifumba macho nikapiga, huku napiga mayowe mpaka kuku wakatawanyika. Ulicheka ukashika mbavu. Tangu baba yako afariki, sikuwa nimesikia mtu akicheka hivyo katika nyumba hii.

Sasa nisikilize. Jana Abdi alipitia hapa. Amesema alikushusha Garissa salama, lakini kazi yenu iko mbele zaidi, na huko hata magari hungoja kusindikizwa na polisi. "Usiogope, Mama," akaniambia, "nimemwonyesha jinsi ya kuificha ile mashine chini ya magunia." Maskini, alitaka kunituliza. Ndipo nikaogopa kabisa, maana nakujua. Kitu ulichochagua mwenyewe hukiachi. Na mimi ndiye niliyesimama mbele ya kanisa nikasema inakaa. Naogopa utayakumbuka maneno yangu wakati mtu amekuelekezea bunduki, useme moyoni kwamba mama aliitetea, na wewe huwezi kuitoa hivi hivi.

Itoe, Kilonzo. Wakiuliza iko wapi, waonyeshe. Wakishindwa kuifungua, wafungulie. Usiwaambie ni ya kazi, usianze kuwaeleza kwamba michoro yote iko ndani. Wape na chaja yake. Wakikutukana, waitikie. Mabwawa yalichorwa kwa penseli kabla hujazaliwa, na watu walikunywa maji.

Abdi anaondoka leo na atakubebea barua hii, kwa hivyo naandika upesi. Kule dukani ulichagua wewe, mimi nikakubali. Safari hii nachagua mimi. Panda lori lolote linalokuja huku, hata bila begi, hata bila viatu, uingie kwa huu mlango na mikono mitupu, uniite.

Ni mimi ninayekuogopea,
Mama yako.