Kadi ya Waifai ya Dada Hija

Kaole, 3 Februari 2025

Mdogo wangu Yunus,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe, mkeo na watoto? Sisi wazima wa mwili. Tangu Mikdad wangu azikwe nimo ndani, eda inakwenda polepole na usingizi haunipati. Nimechoka, na sijafanya kazi yoyote.

Nakuandikia kwa sababu nikikupigia nalia. Kadi ya waifai ya kompyuta imeliwa na chumvi, imekufa. Siupati tena mtandao wa jirani yangu Mwanabaraka, na kazi yangu ya kunukuu mahojiano imesimama. Shemeji Mwinyimvua anasema eda ikiisha nihamie kwao Mkange, maana mjane asiye na kipato atakaaje peke yake? Nia yake njema. Ila mimi nataka kubaki nyumbani kwangu.

Nitafutie kadi Kariakoo. Kompyuta hii ina pande mbili, yaani mifumo miwili ya kuiendesha: mimi nafanyia kazi kwenye Linux, mwanangu Samia anasomea uhasibu kwenye Windows. Kadi ikubali kote. Usiamini kasha, makasha yanafanana, chipu za ndani zinabadilika. Flashi hii niliyoifunga na barua ina Linux. Muuzaji achomeke kadi kwenye mashine yake, muiwashe kwa flashi, kisha kwa Windows. Ikiona mtandao mara zote mbili, ndipo ulipe.

Dada yako,
Hija

Dar es Salaam, 12 Februari 2025

Dada Hija,

Shikamoo. Pole tena kwa msiba. Huku hatujambo, ila foleni na kazi vinatumaliza.

Kadi hiyo, nimempa kondakta wa Bagamoyo. Muuzaji ameapa inakubali kila kitu, na kasha linasema hivyohivyo. Duka lilijaa wateja, nikaona haya kumsumbua kwa mambo ya flashi.

Mdogo wako,
Yunus

Kaole, 1 Machi 2025

Yunus,

Marahaba. Ramadhani njema kwenu.

Kwa Samia kadi inafanya kazi. Kwangu Linux haijui hata kama kuna kitu kimechomekwa. Muuzaji ulimwonea haya, mimi je? Bi Sophia anayenipa kazi amenivumilia hadi baada ya Idi, zaidi ya hapo hawezi. Nairudisha. Safari hii jaribu kwanza, nakuomba.

Dada yako,
Hija

Dar es Salaam, 19 Machi 2025

Dada Hija,

Shikamoo. Funga inakwendaje?

Leo nimesimama dukani mpaka kieleweke. Muuzaji alinuna, nikamwacha anune. Moja ilikataa Linux, nyingine ikawa inashika na kuachia. Hii ndogo isiyo na kasha, iliyotolewa kwenye kompyuta kuukuu, imeona mtandao kote. Nimeshuhudia kwa macho yangu.

Shemeji Mwinyimvua yuko mjini, nampa yeye kadi pamoja na barua hii. Yeye ndiye anayeisimamia nyumba yako, si adabu mzigo umpite pembeni.

Mdogo wako,
Yunus

Dar es Salaam, 27 Aprili 2025

Dada Hija,

Shikamoo. Hali yako? Idi imepita, hujanijibu. Umechukia, au kadi ya shemeji nayo imekataa? Kama imekataa, ifute hiyo Linux, ubaki na Windows. Nami nimechoka, dada.

Mdogo wako,
Yunus

Kaole, 24 Mei 2025

Yunus,

Marahaba. Nimetoka eda salama, alhamdulillahi.

Barua yako ya Aprili ndiyo iliyonijulisha kwamba kuna kadi. Nilipomuuliza shemeji, akasema anayo, ila mjane hashughuliki na biashara ndani ya eda. Juzi akanikabidhi pamoja na barua yako, vyote vimefungwa vizuri kwenye kitambaa safi. Akasema, "Shemeji, nilikutunzia." Nikamshukuru, maana ndivyo anavyoamini.

Imekubali kote. Ulichagua vizuri. Mtandao ulipofunguka, nilikuta ujumbe wa Bi Sophia wa mwezi uliopita: kazi ameshampa mwingine. Kompyuta namwachia Samia kwa Mwanabaraka, amalize mitihani. Mimi kesho nakwenda Mkange.

Shemeji sina kinyongo naye. Wewe umeniuma. Wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja, eda haikunizuia kukuona hata siku moja. Watu wa Dar wanakuja huku kutembea tu, na jioni wako kwao. Ungekuja na kadi yako mkononi, ukaichomeka mwenyewe, nikalia mbele yako nikanyamaza.

Mkange ni mbali kuliko Kaole, kwa hiyo sikutegemei.

Dada yako,
Hija